Kutoka nyumba za chai za London mupaka FBI: historia ya ramani yenye inaunganisha kazi na ordinatere

Andiko la leo ni refu kidogo. Mwenye iko na haraka alichunge, alisome magaribi.

Wakati nilikuwa ninafanya staji yangu ya mwisho, katika kompanyi moja yenye sitataja jina, walinipatia kazi yenye ilionekana kuwa nyepesi: kuandika katika rapore hesabu ya watumishi wote. Nilienda kwenye biro ya watumishi, wakanipa hesabu moja. Nilienda kwenye biro ya mishahara, yenye ilikuwa na programu yake, wakanipa hesabu ingine. Na kwenye depo, pale wanapana boti na kofia za kazi, walikuwa na programu yao na hesabu yao ya tatu. Tofauti haikuwa ya watu wawili ao watatu. Nikafikiri: hapa kuko mwizi. Kumbe hakukuwa mwizi hata mumoja. Biro ya kwanza ilikuwa inahesabu watu wenye kuwa na kontra tu. Ya pili ilikuwa inahesabu kila mutu mwenye anapokea feza mwisho wa mwezi, hata wajane wa watumishi wenye walikufa. Depo ilikuwa inahesabu kila mutu mwenye alipewa boti, hata kibarua wa siku tatu. Neno lilikuwa moja, "mutumishi", lakini lilikuwa na maana tatu, na kila maana ilikuwa imefungiwa ndani ya ordinatere yake.

Kitu chenye kilikosa pale kiko na jina. Watu wa enformatiki na watu wa menejimenti wanakiita arkitekture ya kompanyi. Ni kusema, ramani yenye inaonyesha kompanyi inafanya kazi gani, juu ya nini inaifanya, nani anaifanya, ni habari gani zinapita wapi, na ni mashini gani inasaidia sehemu gani. Ramani hiyo njo inafanya stratejia ya kazi na stratejia ya enformatiki zitembee njia moja. Wengi kati yetu tulisoma ile katika kozi kama orodha ya majina ya Kiingereza, tukafanya ekzame, tukasahau. Lakini iko na historia, na historia yake inaanzia mahali penye hamungefikiria: kwenye chai na mukate.

Kompanyi ya J. Lyons ilifungua nyumba yake ya kwanza ya chai pale Piccadilly, katika London, mwaka wa 1894. Nyuma ya miaka makumi tatu, ine, ilikuwa na nyumba za chai zaidi ya 200 katika Uingereza, pamoja na fabrika kubwa ya mikate na keke pale Cadby Hall, upande wa Hammersmith. Mutu wa kawaida angeweza kuingia, kukaa kwenye meza safi, na kunywa chai kwa bei ndogo. Na hiyo njo ilikuwa shida ya Lyons. Faida kwa kikombe kimoja ilikuwa kidogo sana, hata haikufika peni moja. Ukiuzisha vitu mamilioni, na kila kimoja kinaleta sehemu tu ya peni, basi feza zenye unalipa makarani wa kuhesabu zile peni zinaweza kula faida yote. Wamama wenye kuuzisha beignet ao mandazi kwenye barabara wanajua hesabu hiyo bila kusoma ekonomi.

Kwa hiyo, mwaka wa 1923, Lyons iliajiri mwanahesabu kijana kutoka Cambridge, jina lake John Simmons. Hawakumuita juu ya kuhesabu tu. Simmons aliuliza swali lenye lilionekana kama la ajabu wakati ule: karatasi hii inatumika juu ya nini? Nani anaisoma? Akiisoma, anafanya nini chenye hangefanya bila hiyo karatasi? Katika miaka ya 1930 kompanyi ilikuwa tayari na biro ya pekee, yenye kazi yake ilikuwa kuchunguza tu ginsi kazi za biro zingine zinaendeshwa, na kuzipanga muzuri zaidi. Muangalie tarehe. Miaka ya 1930! Hakukuwa ordinatere hata moja katika dunia nzima, na Lyons ilikuwa tayari inachora ramani ya kazi yake.

Vita ikaisha. Mwaka wa 1947 wakubwa wawili wa Lyons, Thomas Thompson na Oliver Standingford, walitumwa Marekani juu ya kuona ginsi biro za kule zinatumika. Biro hazikuwashangaza sana. Lakini walisikia habari ya mashini za kuhesabu zenye zilitengenezwa juu ya jeshi, wakaenda kumutafuta Herman Goldstine pale Princeton. Goldstine aliwaambia kama kwao nyumbani, pale Cambridge, kulikuwa watu wenye walikuwa wanajenga mashini ya namna ile: Maurice Wilkes na kikundi chake. Walivuka bahari kwenda kutafuta kitu chenye walikuwa nacho nyuma ya nyumba!

Walirudi na rapore. Lyons ikatoa paundi 3.000 juu ya kusaidia mashini ya Cambridge, EDSAC, na ikatuma mufundi wake mumoja atumike nao kule. EDSAC ilipotembea katika Mwezi wa 5 mwaka wa 1949, Lyons iliamua kujenga yake. Muniruhusu nirudilie: kompanyi ya chai na keke iliamua kujenga ordinatere. Hakukuwa mutu wa kuuzisha mashini ya namna hiyo, kwa hiyo iliitengeneza. Waliiita LEO. Mufundi mukubwa alikuwa John Pinkerton. Lakini kwa maoni yangu mutu wa lazima zaidi katika historia hii ni mwingine, David Caminer, mwenye hakuwa injenieri hata kidogo. Aliingia Lyons mwaka wa 1936 juu ya kufundishwa kazi ya ukubwa, akapoteza muguu katika vita kule Tunisia, akarudi, akawekwa kwenye biro ile ya kuchunguza kazi. Yeye njo aliongoza watu wenye walikuwa wanageuza kazi ya biro kuwa programu. Wengi wanasema kama yeye njo mutu wa kwanza katika dunia kufanya kazi yenye leo tunaita analiste wa sisteme.

Ramani ilibadilisha nini katika mashini yenyewe? Mashini ya Cambridge ilikuwa ya watu wa sayansi. Mutu wa sayansi anaingiza namba kidogo, mashini inahesabu muda murefu, inatoa jibu moja. Kazi ya biro iko kinyume: unaingiza namba mingi sana, hesabu yenyewe ni ya mutoto wa shule, na unatoa karatasi mingi. Watu wa Lyons walijua ile kwa sababu walikuwa wameishi ndani ya kazi yao miaka mingi. Kwa hiyo walipatia LEO milango kazaa ya kuingizia na kutoshea habari, kusudi isikae bure ikingojea karatasi. Stratejia ya kazi iliingia mupaka ndani ya waya.

Kazi ya kwanza ya biro yenye LEO ilichukua ilikuwa hesabu ya bei ya vitu vyenye vilitoka kwenye fabrika za mikate: mikate, keke, na vingine. Ilianza kuifanya kila juma mwishoni mwa Mwezi wa 11 mwaka wa 1951. Wanahistoria wanaihesabu kuwa ordinatere ya kwanza katika dunia kufanya kazi ya kawaida ya biro ya biashara. Kisha mishahara ikafwata: kazi yenye karani mwenye uzoefu alifanya kwa dakika 8 juu ya mutumishi mumoja, LEO iliimaliza kwa sekunde 1 na nusu.

Lakini kazi yenye mimi ninapenda zaidi ni ile ya mwaka wa 1954, ya komande za nyumba za chai. Kila siku, mwanamuke mwenye kuongoza nyumba ya chai alipashwa kuandika vitu vyote vyenye atahitaji kesho yake. Watu wa Caminer walikaa wakaangalia zile karatasi, wakaona kitu kimoja: komande ya siku ya kwanza ya juma hili inafanana karibu kabisa na ile ya siku ya kwanza ya juma lenye lilipita. Sasa, juu ya nini kuandika yote tena? Waliweka ndani ya mashini komande ya kawaida ya kila nyumba kwa kila siku ya juma. Muchana, karani alikuwa anapiga simu kwa yule mwanamuke na kuuliza tu: leo unabadilisha nini? Alikuwa na kasike kwenye masikio, mikono kwenye mashini ya kutoboa karte, anasikia na kutoboa wakati uleule. Usiku LEO ilihesabu fabrika ipike nini, na ikatoa karatasi za kupakia magari. Asubui keke inafika.

Mutu mwingine angetwaa ile karatasi ya zamani, vile iko, na kuiingiza ndani ya mashini. Angekuwa na haraka kidogo zaidi, na angesema "tumefanya numeriki." Lyons haikuweka karatasi ndani ya mashini. Kwanza iliuliza komande ni nini.

Nyuma ya Lyons, dunia ilinunua ordinatere kwa wingi, lakini si kila mutu alinunua pamoja na swali. Katika miaka ya 1960 na 1970, kompanyi kubwa na serikali ziliwapa idara zao ruhusa ya kutafuta kila moja programu yake. Kontable na yake, depo na yake, watumishi na yao. Hadisi yangu ya staji, muizidishe mara elfu. Pale IBM, mukubwa mumoja, Dewey Walker, alianza kusema kama inaomba kuangalia kompanyi nzima mbele ya kuangalia programu moja. Wafanyakazi wa IBM walitoa kutoka pale njia ya kupanga yenye walifundisha wateja wao katika miaka ya 1970. Kijana mumoja mwenye alijifunza kutoka kwake njo alijulikana zaidi kumupita: John Zachman.

Mwaka wa 1987 Zachman alichapisha katika gazeti la IBM andiko la kurasa kidogo, lenye lilipatia elimu hii umbo lake. Alifanya kitu kimoja cha akili: aliacha ordinatere pembeni, akaenda kuangalia watu wenye kujenga manyumba na ndege. Mutu akitaka kujenga nyumba pale Bukavu, yeye anaona vyumba, mulango, na mahali pa kuweka foteyi. Arkitekti anaona ginsi vyumba vinashikamana. Masoni anaona matofali na simenti. Michoro yao haifanane, na hakuna mwenye kudanganya. Kila mumoja anachora nyumba ileile kwa macho ya kazi yake. Zachman alisema ni vilevile na kompanyi: kuko muchoro wa mwenye kompanyi, muchoro wa mwenye kupanga sisteme, muchoro wa mwenye kuijenga. Kosa linakuja wakati masoni anaanza kupandisha ukuta na hakuna mutu mwenye aliona muchoro wa mwenye nyumba.

Alitengeneza tablo. Katika mistari ya kulala aliweka wale watu, na katika mistari ya kusimama aliweka maswali. Kuko jambo lenye watu wengi hawaangalie. Katika andiko la 1987, maswali yenye alieleza kwa urefu ni tatu tu: nini, namna gani, wapi. Ni kusema habari, kazi, na rezo. Zile zingine tatu, nani, wakati gani, na juu ya nini, zilipata nafasi yao kamili mwaka wa 1992, katika andiko lenye aliandika pamoja na John Sowa. "Juu ya nini" ilingojea miaka mitano! Simmons wa Lyons alianzia pale. Watu wa enformatiki walifika pale wa mwisho. Ninawapenda watu wa enformatiki, lakini ile tarehe inasema kitu juu yao.

Mwaka wenye ulifwata, 1993, maprofesa wawili, Henderson na Venkatraman, walitoa katika gazeti lilelile muchoro wa vyumba ine: stratejia ya kazi, stratejia ya enformatiki, ginsi kompanyi inapangwa ndani, na ginsi mashini zinapangwa ndani. Walionyesha kama chumba kimoja kikitembea pekee yake, vingine vitatu vinabakia nyuma na nyumba inapasuka. Sitakaa sana pale. Mutaikuta katika kila kitabu cha menejimenti. Sitakaa wala kwenye TOGAF, njia yenye ilitoka mwaka wa 1995 kutoka kwenye kazi za wizara ya ulinzi ya Marekani, na yenye leo inauzishwa kama brevet kwa vijana wenye kutafuta kazi. Nitakaa kwenye sheria.

Mwaka wa 1994 seneta William Cohen, wa Maine, alitoa rapore yenye kuonyesha ginsi serikali ya Marekani ilikuwa inatupa mamiliyari ya dola kwa kununua sisteme zenye hazitembee. Yeye na William Clinger wa Bunge waliandika sheria, na Rais Clinton akaitia sinyatire katika Mwezi wa 2 mwaka wa 1996. Sheria ilisema kama kila wizara kubwa ipate mukubwa wa enformatiki, na kati ya kazi zake kuwe hii: kutengeneza na kuchunga arkitekture yenye kuunganisha mashini na kazi ya wizara. Kwa hiyo, tangu 1996, ramani haikuwa tena shauri la profesa. Ilikuwa sheria ya Leta.

Sasa tuone nani hakuifwata: polisi ya taifa, FBI.

FBI ilikuwa na biro kubwa 56 katika nchi. Dosie zake zilikuwa karatasi, pamoja na sisteme moja ya mwaka wa 1995 yenye ilikuwa nzito mupaka polisi wengi walikuwa wanaikimbia. Mwaka wa 2000 Bunge lilikubali mupango wenye uliitwa Trilogy, wa karibu milioni 380 za dola, kwa miaka mitatu. Ulikuwa na sehemu tatu: rezo, ordinatere mupya, na programu za kazi. Robert Mueller aliingia kuwa direkta tarehe 4 Mwezi wa 9 mwaka wa 2001. Nyuma ya juma moja, ndege zilipiga minara ya New York.

Wakati ule kila mutu aliona kitu chenye watu wa ndani walijua. Katika Mwezi wa 7 wa mwaka ule, polisi mumoja kule Phoenix alikuwa ameandika kama kuko watu wenye wanapashwa kuchunguzwa, wenye wanajifunza kuendesha ndege. Katika Mwezi wa 8 biro ya Minneapolis ilikuwa na wasiwasi juu ya mutu mumoja mwenye alikuwa anajifunza kuendesha ndege. Biro hizo mbili hazikujua kama zinaongea habari moja. Tume yenye ilichunguza mashambulio, katika rapore yake ya mwaka wa 2004, ilisema kama FBI haikuwa na namna ya kujua vitu vyenye yenyewe ilikuwa inajua tayari. Musome ile tena polepole. Habari ilikuwamo ndani ya nyumba.

Basi haraka ikaingia. Mbele ya tarehe ile, mupango ulikuwa kuweka sura mupya juu ya sisteme ya zamani. Mwishoni mwa 2001 walibadilisha: sasa wanataka sisteme mupya kabisa ya dosie, yenye waliita Virtual Case File. Kompanyi ya SAIC, yenye ilikuwa na kontra, iliambiwa ijenge. Ijenge nini kwa kweli? Kuliandikwa kitabu cha maombi cha kurasa zaidi ya 800. Na kila mara mutu mwenye cheo aliangalia, aliongeza kitu. Kwa miaka michache ile, watu watano walipita kwenye kiti cha mukubwa wa enformatiki wa FBI. Ukiwa masoni na mwenye nyumba anabadilika mara tano, utajenga nini?

Na ramani? Katika Mwezi wa 9 mwaka wa 2003, wakaguzi wa Bunge, GAO, walitoa rapore yenye kichwa chake chenyewe kilisema kama FBI inahitaji arkitekture ya kuongoza kazi yake ya kujifanya mupya. Miaka saba nyuma ya sheria! Katika Mwezi wa 5 mwaka wa 2004, wataalamu wa akademi ya taifa ya sayansi walisema ileile, na waliongeza jambo lenye ni la maana zaidi: sisteme yenye inajengwa ilifikiriwa juu ya kazi ya zamani ya FBI, ni kusema kufungua dosie nyuma ya uhalifu, kukusanya ushahidi, kupeleka mutu kwenye tribinali. Lakini tangu 2001 direkta alikuwa ametangaza kazi ingine: kuzuia shambulio mbele halijafanyika. Ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza inaomba dosie ifungwe muzuri, mutu asiguse. Ya pili inaomba habari za dosie tofauti zikutane. Neno "dosie" lilikuwa na maana mbili, na hakuna mutu mwenye aliketi kusema tunachukua gani. Stratejia ya kazi iligeuka, programu ikaendelea na barabara ya zamani.

SAIC ilileta programu katika Mwezi wa 12 mwaka wa 2003. FBI ilikataa kuipokea, na orodha ya makosa ikawa inarefuka. Mwanzoni mwa 2005 mupango ulikufa. Milioni 170 za dola ziliingia kwenye Virtual Case File, na haikufunguliwa hata siku moja kwa FBI yote. Ordinatere mupya zilikuwa pale juu ya meza, rezo ilikuwa inatembea, na polisi waliendelea kuandika kwenye karatasi.

Walianza tena mwaka wa 2006, na jina lingine, Sentinel, na kompanyi ingine, Lockheed Martin. Ile nayo ilichelewa. Mwaka wa 2010 FBI ilitwaa kazi mukononi mwake, ikaweka kikundi kidogo cha watu wa enformatiki pamoja na polisi wenye watatumia ile programu, wakaanza kujenga vipande vidogovidogo na kuvijaribu. Tarehe 1 Mwezi wa 7 mwaka wa 2012, Sentinel ilifunguliwa kwa FBI yote. Kama unaangalia muzuri, kikundi kile kilifanana na biro ya Caminer pale Lyons: mutu wa mashini na mutu wa kazi kwenye meza moja, wanaulizana neno hili maana yake ni nini.

Mutaniuliza, hii inahusu nini kwetu Kongo? Nitasema kidogo tu. Tulipata mupango wa taifa wa numeriki mwaka wa 2019, tulipata wizara ya Numeriki mwaka wa 2021, tuko na sheria ya numeriki ya tarehe 13 Mwezi wa 3 mwaka wa 2023. Feza za kununua programu zitatoka, zingine zimekwisha kutoka. Watu wenye wataitwa kuweka zile programu ni nyinyi. Na universite inatutosha katika makundi mawili yenye hayasalimiane: mwenye alisoma menejimenti anafikiri ordinatere ni shida ya fundi, na mwenye alisoma enformatiki anafikiri kazi ya kompanyi ni shida ya patro. Historia nzima yenye nimeandika hapa juu ni historia ya feza zenye zilipotelea katikati ya makundi hayo mawili.

Hata vile, nisiwadanganye. Ramani haiko dawa ya kila ugonjwa. Lyons yenyewe, yenye ilikuwa na ramani kupita wote, haikuishi milele. LEO ilikuwa kompanyi ya pekee mwaka wa 1954, ikaunganishwa na English Electric mwaka wa 1963, na LEO ya kwanza ilizimwa katika Mwezi wa 1 mwaka wa 1965. Watu walianza kula vingine na kukaa mahali pengine, nyumba za chai zikawa zinafungwa moja moja, kompanyi ikachukua madeni makubwa, na mwaka wa 1978 ikauzishwa kwa wenye kutengeneza pombe. Ramani inaonyesha mahali penye uko na penye unaenda. Haichague safari.

Nimalize na hadisi ya staji, kwa sababu ninajua mutauliza. Niliandika ukurasa mumoja juu ya zile maana tatu za neno "mutumishi", na nikaomba wakubwa wa biro tatu wakutane muchana mumoja tu, waamue. Walinishukuru. Mukutano haukufanyika, kila mumoja alikuwa na kazi. Nyuma ya miezi sita nilisikia kama kompanyi ilinunua programu ya ine, ya bei kali kuliko zingine, yenye itaunganisha zile tatu. Nilimupigia simu rafiki mwenye alibakia pale, nikamuuliza: sasa muko na watumishi wangapi?

Akacheka sana. "Ndugu yangu, sasa tuko na hesabu ine."